Kaisari Katikati ya Michikichi

Mhadhara uliotolewa Kigwena, kusini mwa mji wa Rumonge, Burundi, kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika



Jana nilipofika nilimweleza mwenyeji wangu, mzee wa mawese, kwamba nimekuja kumzungumzia kaisari wa Rumi aliyekufa mwaka 565. Alinitazama, akaendelea kuchambua chikichi zake, kisha akauliza: "Huyo naye alikuwa na itongo hapa?" Waliokuwepo walicheka, nami nikacheka. Usiku sikupata usingizi mzuri, maana swali lile lilikuwa bora kuliko mhadhara niliokuwa nimeuandika. Ule nimeuacha mfukoni. Huu mtakaousikia ni jibu la mzee. Kwa atakayeusoma akiwa mbali: itongo, kwa Kirundi, ni ardhi ya ukoo, ile mtu anayoikuta kwa babake na kuiacha kwa wanawe.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tukitajiwa kaisari wa Rumi, wa kwanza kutujia ni Herekali. Mwaka 1728, huko Pate, Mwengo wa Athumani alimtungia utenzi mrefu, Chuo cha Herekali, ambao wengi huuita Utenzi wa Tambuka, na ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya lugha yetu. Waliopita madrasa wanamjua kwa mlango mwingine. Sura ya 30 ya Kurani inaitwa Ar-Rum, nayo inaanza na habari za Warumi kushindwa na ahadi kwamba watashinda tena, na wafasiri huihusisha na vita vya Herekali na Waajemi. Herekali basi ni mtu wetu wa zamani, adui wa kwenye utenzi. Lakini Herekali hajapata kumnyang'anya mtu wa Rumonge hata mchikichi mmoja. Kaisari aliyefika hapa ni mwingine, aliyekufa miaka 45 kabla ya Herekali kukalia kiti. Huyo hana utenzi. Jina lake Justinian.

Alizaliwa kijijini, katika nchi ambayo leo inaitwa Makedonia Kaskazini, kwenye nyumba ya wakulima. Mjomba wake Justin alikuwa askari, inasemekana hakujua kusoma, lakini mwaka 518 alijikuta kaisari wa Konstantinopoli, mji tunaouita leo Istanbul. Mpwa alimrithi mwaka 527 na kutawala miaka 38. Alimwoa Theodora, binti wa mtunza dubu wa uwanja wa michezo, mwanamke aliyekuwa mcheza tamthilia, na wakubwa wa mji hawakumsamehe kwa hilo. Mwezi Januari 532 watu wa mji waliasi, wakachoma nusu ya katikati ya jiji, naye akawafungia uwanjani na kuwaua. Mwanahistoria wa zama zake, Procopius, anataja maiti 30,000. Juu ya majivu hayo kaisari alijenga kanisa la Hagia Sophia, likamalizika mwaka 537, likawa msikiti mwaka 1453, baadaye makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena. Alirudisha Afrika ya Kaskazini na Italia kwa vita, na Italia aliirudisha ikiwa magofu. Hata upande wetu wa dunia aliugusa: kama mwaka 531 alituma mjumbe Aksum, kwa mfalme Kaleb, akiwaomba Wahabeshi wanunue hariri ya Bara Hindi na kuwauzia Warumi ili Waajemi wakose faida. Wahabeshi wakakubali kwa maneno. Hariri haikuja, kwa kuwa Waajemi waliwahi bandarini na kununua shehena nzima nzima.

Haya yote yamekwisha. Italia ilipotea tena, hariri ilipata njia nyingine, na kuba ya Hagia Sophia ni ya watalii na waumini wa Istanbul. Kilichobaki hai ni karatasi.

Miezi michache tu baada ya kuanza kutawala, mnamo Februari 528, Justinian aliunda jopo la wanasheria likusanye amri zote za makaisari waliomtangulia, litupe zilizopitwa na wakati, na kupatanisha zinazogongana. Kazi hiyo ilichukua mwaka mmoja. Kisha akaingia kwenye kazi ambayo wengi waliiona wazimu. Kwa miaka mingi mahakimu wa Rumi walikuwa wakiamua kwa kutegemea maandishi ya mafakihi wa kale, na maandishi hayo yalikuwa karibu vitabu 2,000, yenye mistari 3,000,000 kwa hesabu yao wenyewe. Hakuna hakimu aliyekuwa navyo vyote, na wakili mjanja aliweza kutoa mfukoni fakihi ambaye hakuna mwingine aliyemsoma. Kaisari alimpa kazi hiyo Tribonian, mtu aliyejua sheria kupita wote na, kwa maneno ya Procopius, aliyeipenda rushwa vilevile. Walianza Desemba 530. Mwaka 533 walileta vitabu 50 vyenye mistari 150,000, wakaviita Digesta. Pamoja navyo walitoa kitabu chepesi cha kufundishia wanafunzi, Institutiones. Nawaambia vijana: mtu akitaka kujua jinsi ya kuandika jambo gumu kwa maneno machache, akisome hicho.

Sasa safari. Nakala moja ya Digesta iliyoandikwa karne ileile ya 6 ipo mpaka leo katika mji wa Florence. Kwa muda mrefu Ulaya ya magharibi ilikuwa kama imeisahau, lakini karibu na mwaka 1100 walimu wa Bologna, wa kwanza wao akiitwa Irnerius, walianza kuifundisha neno kwa neno, na wanafunzi wakamiminika kutoka kila upande. Karne saba baadaye Napoleon alitaka kitabu kimoja cha sheria kwa Ufaransa nzima. Wanasheria wake walikuwa wamelelewa na Digesta kama mtoto anavyolelewa kwa uji, na kitabu chao kikatoka tarehe 21 Machi 1804. Wakati huo Ubelgiji ilikuwa sehemu ya Ufaransa. Ilipojitenga ilibaki nacho. Halafu Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, akajipatia Kongo, na tarehe 30 Julai 1888 dola yake ikatoa dikrii ya mikataba na majukumu, ambayo sehemu kubwa ni kitabu cha Napoleon kilichofupishwa. Mwaka huo, kusini mwetu, Ujiji ilikuwa mikononi mwa Mohamed bin Khalfan, yule mliyesimuliwa na babu zenu kwa jina la Rumaliza, na hakuna mtu wa pwani hii aliyejua kwamba kuna dikrii. Wabelgiji walipochukua nchi hii kutoka kwa Wajerumani na kuiunganisha kiutawala na Kongo yao mwaka 1925, sheria za Kongo zikavuka mpaka. Tarehe 1 Julai 1962 bendera ilibadilika. Dikrii haikubadilika. Wanasheria wetu wa Bujumbura bado wanaiita Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Madai, na wanaitumia kila siku ya kazi.

Tuchukue kifungu cha 258. Kijana wa pikipiki ya abiria amekata kona pale sokoni Rumonge, akagonga beseni la mama wa ndagala, ndagala zote mchangani. Hakimu atafungua kifungu hicho kinachosema, kwa ufupi, kwamba aliyemtia mwenzake hasara kwa kosa lake lazima ailipe. Kabla ya hapo kilikuwa kifungu cha 1382 cha Napoleon. Kabla ya Napoleon kilikuwa katika kitabu cha 9 cha Digesta, kwenye maelezo ya sheria ya Warumi ya kale iitwayo Aquilia. Na asili ya sheria hiyo ilikuwa nini? Ilikuwa ni kumtoza malipo aliyeua mtumwa wa mtu au mnyama wa miguu minne wa mtu. Vilihesabiwa pamoja, mtumwa na ng'ombe, katika sentensi moja. Nalitaja hili hapa kwa makusudi, kwenye ziwa ambalo mashua zilivusha watu waliofungwa kuelekea Ujiji, ili mtu asidhani nimekuja kumsifu kaisari. Institutiones yenyewe inakiri kwamba utumwa ni kinyume cha maumbile, kisha inaendelea kurasa nyingi kueleza namna ya kumiliki watumwa.

Lakini mzee hakuniuliza habari za pikipiki. Aliniuliza habari za itongo.

Kila mtu hapa anajua mwaka 1972, na walio chini ya miaka 50 wanaujua kwa kusimuliwa, ambayo pia ni namna ya kuujua. Tarehe 29 Aprili waasi walianza kuua hapa pwani, Rumonge na Nyanza-Lac, na waliouawa siku zile walikuwa hasa Watutsi. Jibu la serikali ya Rais Micombero lilikuwa kuwaua Wahutu nchi nzima, waliosoma kwanza, na makadirio ya waliokufa huanzia 100,000 na kupanda mbali zaidi. Ukanda huu ulibaki mtupu. Watu walivuka ziwa usiku, au walipita milimani kuelekea Tanzania, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na, baadaye, Mishamo. Mimi nilijifunzia kusoma Ulyankulu, chini ya mwembe, na mwalimu wetu alikuwa mtu wa Rumonge ambaye kila jioni alituchorea mchangani ramani ya shamba lake: huku mto, huku michikichi ya baba, huku kaburi.

Ardhi haikai bure. Miaka iliyofuata utawala uliwagawia watu wengine mashamba haya, wengi wakiwa wametoka milimani juu. Mengine yaliingizwa katika miradi ya serikali ya michikichi, na mengine yaliuzwa, yakauzwa tena. Walioletwa hawakuwa wezi wa usiku. Wengi walipewa mchana, mbele ya watu, na afisa wa serikali. Wakafyeka, wakapanda, wakazaa, wakazika.

Hapo ndipo kaisari aliposhuka mtumbwini. Sheria ya ardhi ya 1986 ilisema kwamba mtu aliyeishikilia ardhi miaka 30 anakuwa mwenyewe, na kama aliishika kwa nia njema, miaka 15 inatosha. Hesabuni. 1972 na 30 ni 2002. Mkataba wa amani wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, vita vyetu vya wenyewe kwa wenyewe vikaendelea kwa miaka kadhaa, na wengi wa wale wa makambi ya zamani, watu wa 1972, walirudi 2008 na 2009. Walipofika kwenye mto na michikichi na kaburi, walikuta saa imeshagonga. Na kama mnataka jambo la kuwashangaza zaidi: kule ng'ambo ya mpaka, Kigoma, sheria ya ukomo wa madai ya mwaka 1971, ambayo Tanzania iliichota kwa Waingereza, inampa mwenye ardhi miaka 12 tu. Ziwa moja, saa mbili.

Miaka 30 ile imetoka wapi? Haikutoka kwa Mungu, wala kwa Abashingantahe, wazee wetu waamuzi wa mila. Kaisari Theodosius wa Pili aliiweka mwaka 424 kuwa ukomo wa kesi karibu zote, na Justinian aliichukua, akaifanyia kazi, akaitia katika kitabu chake. Kwa ardhi iliyopatikana kwa nia njema na kwa sababu halali aliweka muda mfupi zaidi: miaka 10 kama mdai na mshikaji wanaishi mkoa mmoja, 20 kama mmoja yuko mbali. Napoleon alivihifadhi vipindi hivyo vyote. Kusudi la ukomo huo halikuwa baya. Bila ukomo, mjukuu wa mjukuu angekuja na hadithi ya babu na kuvuruga kijiji kizima, na hakuna ambaye angethubutu kupanda mti unaochelewa kuzaa. Mchikichi huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4, na ukipita miaka 25 hivi huwa mrefu kiasi kwamba mkweaji anaomba dua kabla ya kupanda. Miaka 30, basi, ni umri wa mchikichi mmoja, tangu kitaluni hadi kukatwa. Kaisari hakujua mchikichi, lakini kipimo chake si cha kijinga.

Nililotaka kuwaambia usiku huu ni jingine. Katika kitabu kilekile kilichotuletea saa, kuna ufunguo wa kuisimamisha, nao haukufika Rumonge.

Fungueni Digesta kitabu cha 4, sura ya 6. Wenye shahada za sheria wapo hapa, watanisahihisha. Sura hiyo inawahusu watu wazima wanaostahili kurudishiwa mali iliyopotea walipokuwa hawapo. Inawataja wa aina kadhaa: aliyekuwa safarini kwa kazi ya dola, aliyekuwa gerezani, aliyechukuliwa mateka na adui. Na wa kwanza kabisa katika orodha hiyo ni aliyekuwa mbali kwa sababu ya hofu. Mafakihi wanafafanua hofu hiyo iwe ya namna gani: si woga wa mtu anayekimbia kivuli chake, ni hofu ya haki ya kifo au mateso ya mwili. Mtu wa namna hiyo, mwingine akijipatia mali yake kwa kupita kwa muda wakati hayupo, hakimu alikuwa na uwezo wa kuufuta muda huo kana kwamba haukupita. Justinian aliweka sharti kwamba madai hayo yaletwe ndani ya miaka 4 tangu kizuizi kuondoka. Miaka 4 kuanzia siku aliporudi, siyo 30 kuanzia siku alipokimbia.

Tena si hapo tu. Institutiones inasema kwamba kitu kilichoibwa au kutwaliwa kwa nguvu hakigeuki kuwa mali ya mtu kwa njia ile ya muda mfupi, hata kama aliyenacho sasa alikinunua kwa nia njema kabisa, kwa sababu doa liko kwenye kitu, haliko kwa mtu. Kwa hiyo swali la kwanza la hakimu wa Kirumi halikuwa "umekaa miaka mingapi?" Lilikuwa "uliingiaje?"

Napoleon naye aliacha mabaki ya swali hilo. Kifungu chake cha 2229 kinataka ushikaji uwe wa mfululizo, wa amani, wa wazi. Lakini sura nzima ya waliokimbia kwa hofu haikupata nafasi ya jina lake katika kitabu cha 1804, ikaachiwa busara ya mahakimu. Kutoka Paris hadi Brussels, kutoka Brussels hadi Boma, kutoka Boma ya Kongo hadi Usumbura, Bujumbura ya leo, kila mbebaji alipunguza mzigo kidogo. Wakoloni nao walikuwa na sababu yao: katika ardhi, ndoa na urithi walimwachia Mwafrika mila zake, wakachukua kile kilichowafaa wao katika biashara. Tulichopokea ni mizani bila mawe yake.

Mkataba wa Arusha, kwa kweli, uliukaribia ufunguo huo bila kuutaja. Itifaki yake ya Nne inasema mkimbizi aweze kuipata mali yake, hasa ardhi, na ikishindikana alipwe fidia ya haki. Mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, ile mnayoiita CNTB. Mwanzoni tume ilipenda kugawa nusu kwa nusu kati ya waliorudi na waliokutwa. Baada ya 2011 ilibadili njia na kuelekea kumrudishia aliyekimbia shamba lote. Nusu kwa nusu iliwaudhi wote wawili, shamba lote lilimuudhi mmoja kupita kiasi, na mwaka 2014 ikaanzishwa Mahakama Maalumu ya Ardhi na Mali Nyingine ili malalamiko yapate pa kwenda. Sitaingia katika siasa ya hayo yote. Wapo hapa waliopata na waliokosa, na kesho watakutana kisimani.

Nitasema moja tu, la michikichi. Mtu alipewa shamba mwaka 1975 na utawala, akapanda. Mwenyewe amerudi 2008. Shamba linarudi kwa mwenyewe, sawa. Michikichi je? Warumi walilichezea jambo hili kwa majina yao ya mifano, Titius na Maevius, ambao ni kama Juma na Ali katika hesabu za shuleni. Titius akipanda mti wake katika ardhi ya Maevius, mti ukishashika mizizi ni wa Maevius. Mti hufuata udongo. Ila aliyepanda au kujenga akidhani kwa nia njema kwamba ardhi ni yake, anaruhusiwa kugoma kutoka mpaka alipwe gharama zake. Hilo la gharama Napoleon alilibeba katika kifungu cha 555. Kwa maoni yangu lilipaswa kuwa nguzo ya kazi yote hapa Rumonge: udongo kwa aliyekimbia, malipo ya jasho kwa aliyepanda, na malipo hayo yatoke kwa serikali iliyogawa mali isiyo yake. Mkulima maskini aliyetoka kambini na sufuria moja hawezi kulipia michikichi 200 ya mtu mwingine. Wala aliyepanda hastahili kuondoka na jembe tu. Nusu kwa nusu ilikuwa rahisi kwa serikali kwa sababu haikuigharimu kitu.

Nipite haraka ufukweni, maana wavuvi wananitazama. Institutiones inasema kwamba hewa, maji yatiririkayo, bahari, na kwa hiyo fukwe za bahari, kwa sheria ya maumbile ni vya watu wote. Mtu asizuiwe kuufikia ufukwe. Na ufukwe unaishia wapi? Unaishia pale wimbi kubwa kabisa la majira ya baridi linapofika. Mafakihi wale walikuwa wakizungumzia Mediterania, lakini mkazi wa Rumonge aliyeona ziwa likipanda mwaka 2021, na tena 2024, likaingia majumbani na kufunika barabara, ataelewa kwamba kanuni ile imeandikwa na mtu aliyeyajua maji. Sheria yetu imeweka ukanda wa mita 150 kutoka ziwani usiojengwa. Mita 150 ni kipimo cha kamba. Wimbi ni kipimo cha ziwa lenyewe, nalo limekwishapima. Kuna majumba na hoteli humo ndani ya ukanda, mnazijua, na kuna njia za zamani za kushushia mitumbwi ambazo leo zimezibwa kwa seng'enge. Mkimwendea msimamizi wa eneo hili, mwulizeni kwa heshima kama yeye ni mkubwa kuliko kaisari.

Limebaki moja, na nimelichelewesha kwa sababu najua litaleta kelele.

Mwaka 543, mwaka mmoja baada ya tauni kuufyeka mji wake na yeye mwenyewe kuugua, Justinian alitoa amri mpya, ya 118 katika mfululizo wa amri zake za baadaye. Ilihusu urithi wa aliyekufa bila wosia. Amri hiyo ilifuta tofauti za kale za upande wa baba na upande wa mama, na iliweka wazi kwamba watoto wanarithi sawa, wa kiume na wa kike. Ardhi, ng'ombe, fedha, vyote. Theodora alikuwa hai wakati huo, na wapo wanaoiona sauti yake katika sheria nyingi za wanawake za utawala ule. Mimi simo katika ubishi huo. Naona tarehe tu.

Hapa kwetu, mahakama ina kifungu cha kaisari kuhusu beseni la ndagala. Ilikuwa na saa ya kaisari kuhusu shamba la mkimbizi. Kuhusu binti, tunasema hiyo ni mila, na itongo ni la wana wa kiume. Ndugu zangu Waislamu watasema tunayo mirathi yetu, na binti anapata fungu lake, nusu ya fungu la kaka yake. Ni kweli, lakini semeni nanyi ukweli: mangapi kati ya mashamba ya michikichi kutoka hapa mpaka Nyanza-Lac yamegawanywa kwa hesabu hiyo? Burundi haina sheria iliyoandikwa ya urithi wa ardhi. Mswada ulitungwa, ukajadiliwa, ukawekwa kando, kwa hoja kwamba ardhi ni ndogo na watu ni wengi. Ardhi imekuwa ndogo kwa wote, ila anayeambiwa asubiri ni mmoja.

Mzee wangu, uliuliza kama kaisari alikuwa na itongo hapa. Alikuwa nalo, na liligawanywa kama yanavyogawanywa mengine: waliokuwepo walichukua walichotaka, na kilichobaki hakikuandikwa jina la mtu. Nawaomba mawakili na mahakimu mlioko hapa, kesi inayofuata ya shamba la 1972 ikifika mbele yenu, ulizeni kwanza mtu aliingiaje, kabla hamjauliza amekaa miaka mingapi. Na nawaomba wabunge wa mkoa wetu mpya wa Burunga waulize ule mswada uko kabati gani. Amri ya 118 ina umri wa karibu miaka 1,500.

Nimemaliza. Maswali sasa, na tafadhali yaanze upande wa akina mama.